Sikio Lililozibwa: Iyafoni za Waya na Zisizo na Waya Majumbani Mwetu



Jumanne moja, baada ya swala ya Alasiri, tulirejea nyumbani tukamkuta mama yetu mzazi ameketi chini ya ngazi, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, na uso umemsawijika. Alikuwa ameteleza kwenye kidato cha mwisho akishuka kutoka juu, pale ambapo saruji imelainika kwa miaka mingi ya kukanyagwa. "Nimemwita mtoto," alituambia, "nimemwita hadi koo likanikauka." Hatua nane kutoka hapo, ukumbini, binti yetu wa miaka 15 alikuwa ameketi juu ya mkeka, mtandio umemfunika hadi mabegani, midomo yake ikichezacheza. Hakusikia kishindo wala wito. Chini ya mtandio ule, katika kila sikio, mlikuwa na kitu cheupe kisichozidi ukubwa wa njugu.

Msomaji atadhani kwamba twaelekea kusema alikuwa akisikiliza miziki. La. Alikuwa akisikiliza kisomo cha qari mmoja wa Misri, akirudia nusu juzuu aliyotakiwa kumsomea maalimu wake usiku ule. Nasi ndipo tulipokwama. Lau angekuwa katika upuuzi, kazi yetu ingekuwa nyepesi: tungemkaripia, tungeichukua ile iyafoni, na tungelala usingizi. Lakini tutamkaripiaje mtoto kwa jambo tulilomtuma wenyewe? Mfupa wa kifundo cha mkono wa mama ulionekana kuwa na ufa, ukafungwa plasta kwa wiki 6, na binti alilia kuliko mgonjwa mwenyewe.

Tulipokwisha kuazimia kwamba kifaa kile hakitaingia tena nyumbani mwetu, ni mama yuleyule aliyetuzuia. Alisema, akiwa kitandani: "Msimnyang'anye. Ila ile yake ya zamani, ile ya ugwe, nilikuwa nikiiona. Nikiuona ugwe najua huyu hasikii, namwendea. Hii ya sasa nitajuaje?"

Neno hilo la mwanamke wa miaka 78, ambaye hajawahi kumiliki simu janja, lilitukaa moyoni. Watu wakijadili iyafoni za waya na zisizo na waya, aghalabu hujadili sauti na bei. Hatujamsikia mtu akiuliza swali la mama: wale wanaoishi na mvaaji watajuaje kwamba sikio lake limezibwa?

Sisi si mafundi. Tulichofanya ni kwenda kwa kijana mmoja anayetengeneza simu huku Mji wa Kale, naye kwa hisani yake akatufungulia juu ya meza iyafoni mbili mbovu, moja ya kila aina. Ya waya ilikuwa na vitu vichache mno: sumaku ndogo, waya mwembamba uliosokotwa, na utando laini kama ganda la kitunguu. Umeme wa sauti hutoka katika simu, hupita wayani, huutikisa utando, nao utando huitikisa hewa ya sikioni. Basi. Pini yake ya milimita 3.5 ni mtoto wa pini kubwa zilizotumiwa na makarani wa simu katika karne ya 19, wale waliochomeka na kuchomoa ili kuwaunganisha watu.

Ile isiyo na waya, kinyume chake, ilikuwa kama simu ndogo. Mlikuwa na betri, antena, maikrofoni, na kijisahani cha kompyuta kisichotosha ukucha wa kidole cha mwisho. Simu huivunjavunja sauti kuwa tarakimu, huzibana zipate kuwa chache, kisha huzirusha kwa mawimbi ya redio. Kifaa kilicho sikioni huzipokea, huzikunjua, na kuzigeuza tena kuwa sauti. Njia hiyo huitwa Bluetooth. Ilianza kuundwa mwaka 1994 na wahandisi wa kampuni ya Ericsson huko Uswidi, na ikapewa jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyejulikana kwa lakabu ya jino la buluu na kusifika kwa kuyaunganisha makabila. Mawimbi yake hayatulii mahali pamoja. Katika Bluetooth ya kawaida huruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde moja, ili yasigongane na ya majirani. Na akina dada huenda wakapenda kujua kwamba wazo linalofanana na hilo la kurukaruka lilisajiliwa Marekani mwaka 1942 na mwanamke, Hedy Lamarr, mcheza filamu, pamoja na mwenziwe mwanamuziki, kwa ajili ya kuongoza silaha za majini zisivurugwe na adui.

Katika hizi njia mbili, ipi ina sauti bora? Kwa sikio la mtu wa kawaida, na kwa iyafoni za bei sawa, ya waya hushinda kwa jambo moja lililo wazi: haichelewi. Sauti ya Bluetooth hufika ikiwa imechelewa kidogo, pengine hata robo ya sekunde katika vifaa vya bei ya chini. Anayesikiliza mawaidha peke yake hatatambua kitu. Lakini katika mazungumzo ya simu, kuchelewa huko huongezeka juu ya kule kwa mtandao, ndipo watu wawili wanapoingiliana maneno na kuombana radhi.

Lipo jambo jingine ambalo akina mama wanaowasomesha watoto wao kwa maalimu wa mbali wanapaswa kulijua. Maikrofoni ya iyafoni isiyo na waya inapoanza kutumika, vifaa vingi hupunguza ubora wa sauti ili njia ileile ya mawimbi itoshe kwenda na kurudi. Na kinachopotea kwanza ni sauti nyembamba za juu, zile zinazopambanua sini na thaa, zai na dhali. Maalimu aliye upande wa pili husikia herufi zimefifia, akadhani mtoto ndiye mwenye kosa. Tulilijaribu jambo hili wenyewe: mtoto mmoja, aya moja, simu moja, kwanza kwa waya kisha bila waya. Maalimu wake, ambaye hakuambiwa kitu, alimsahihisha mara mbili katika kisomo cha pili kwa herufi alizokwisha kuzipitisha katika cha kwanza. Mzazi anayelipa karo ya darasa la tajwidi na ajaribu, hatapungukiwa na kitu.

Habari ya mfuko nayo ni ndefu. Iyafoni za waya za kawaida twazinunua sokoni kwa shilingi 150 au 200. Zikikatika penye pini, fundi huweza kuzichomelea. Zisizo na waya, hata zile za kuigiza zinazobandikwa majina makubwa, hazipatikani kwa bei hiyo, na ndani yake mna betri 3: moja katika kila sikio na moja katika kikasha chake. Betri hizo huzeeka. Iliyokuwa ikidumu saa 4 au 5 ikiwa mpya, baada ya miaka miwili au mitatu huenda isimalize hata darasa moja, na kwa kuwa imefungwa kwa gundi, fundi hukurudishia akitikisa kichwa. Tena ni rahisi kupotea. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliangusha ya upande wa kushoto akiwa juu ya feri ya Likoni. Amebaki na ya kulia, na kila anapovuka huchungulia majini kana kwamba itaelea.

Hata hivyo tusiwe wenye kuelemea upande mmoja. Mwenzetu wa nyumbani, tulipomsomea maelezo haya, alicheka na kusema kwamba yaonyesha yameandikwa na mtu asiyepika. Mwanamke aliyesimama mbele ya karai la mafuta akikaanga mahamri, waya ukining'inia kutoka kifuani, yumo hatarini. Mtoto wa kunyonya huuvuta, huutia mdomoni, na huweza kujiviringisha nao shingoni. Waya hunasa katika kitasa cha mlango, katika pini ya mtandio, katika cherehani. Tena wako akina mama wengi ambao huipachika simu yenyewe ndani ya mtandio, ikabanwa baina ya shavu na kitambaa, mikono ikabaki huru kwa kazi. Simu hupata moto, shingo huuma, na siku moja huchoropoka ikaangukia ndooni. Kwa mtu kama huyo iyafoni isiyo na waya, katika sikio moja tu, ni wepesi wa kweli, nasi tumekubali hoja hiyo bila ya kinyongo.

Kwa wazee, mambo hugeuka. Tulimpa mama ile isiyo na waya ili asikilize redio akiwa amelala na mkono wake. Vidole vyake havikuweza kukishika kile kitu kidogo, hakukumbuka kukirudisha kikashani, na betri ilipokwisha alidhani masikio yake ndiyo yaliyokufa. Ya waya aliielewa siku hiyohiyo. Na hapa iko faida ambayo wengi wameisahau: katika simu zenye redio ya FM ndani yake, waya wa iyafoni ndio antena. Ukichomeka, redio hushika bila ya kutumia hata shilingi moja ya bando. Ukichomoa, hunyamaza. Kampuni ya Apple ilipoliondoa tundu la milimita 3.5 katika iPhone 7 mwezi wa Septemba 2016, na kampuni nyingine nyingi zikafuata kidogokidogo, wengi walizungumzia muziki. Kwa bibi asiyeweza kununua bando, kilichokuwa kikiondoka ni redio.

Twawaonya pia wenye iyafoni za waya wasizivae simu ikiwa inachajiwa, hasa kwa chaja za bei ya kutupa. Chaja mbovu huweza kuupitisha umeme wa ukutani hadi kwenye simu, na waya ukaufikisha sikioni. Vifo vya namna hiyo vimeripotiwa katika nchi kadhaa. Vijana wetu hulala na simu chajini, waya masikioni, na hilo ni la kukatazwa leo, si kesho.

Wengi hutuuliza kuhusu mionzi, kwamba Bluetooth huila akili. Tukisema kwa kadiri ya elimu iliyopo: mawimbi ya iyafoni hizi ni ya nguvu ya miliwati chache, ilhali simu yenyewe iliyobanwa sikioni, ikitafuta mtandao kwa shida, huweza kutoa mamia ya miliwati. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ushahidi wake ukiwa haba. Mwenye hofu, basi, aanze kwa kuiondoa simu ndani ya mtandio. Iyafoni ya aina yoyote, yenye waya au isiyo nao, huiweka simu mbali na kichwa.

Madhara yasiyo na shaka ni mengine, nayo hayabagui waya. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo chenye umbo la konokono, na humo mna seli zenye vinywele, kama 15,000 hivi katika kila sikio, ambazo huugeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Mwanadamu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Sauti kubwa huzichosha, ikizidi, huziua. WHO hueleza kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikipanda hadi desibeli 90, saa zilizo salama hushuka hadi 4 tu kwa wiki. Kwa watoto kiwango chao ni desibeli 75. Simu nyingi zikipandishwa hadi mwisho huweza kuvuka 100. Ndiyo maana shirika hilo hushauri sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Lile onyo linalotokea kwenye kioo unapopandisha sauti, ambalo watoto hulibonyeza liondoke kama wanaofukuza nzi, halikuwekwa kwa urembo.

Katika jambo hili iyafoni zisizo na waya zina sura mbili. Upande mmoja, waya ulikuwa na namna yake ya kumchosha mtu: hunasa, hukereka, mwisho akauvua. Kisicho na waya husahaulika sikioni, na saa 2 huwa 5. Upande wa pili, zile za bei kubwa zenye uwezo wa kuzima kelele za nje humwezesha mtu kusikiliza kwa sauti ya chini hata ndani ya matatu, na hilo ni kheri kwa masikio. Ila aliyezimiwa kelele za nje hazimiwi honi za matatu peke yake. Huzimiwa tuktuk inayorudi kinyumenyume katika vichochoro vyetu, huzimiwa adhana, huzimiwa salamu ya anayeingia, ambayo kuijibu ni wajibu juu yake, na mwenye kuitoa huondoka akidhani amedharauliwa. Tumesuluhisha ugomvi wa mawifi wawili ambao, ulipochimbuliwa hadi mzizi, haukuwa na kitu ila salamu mbili ambazo hazikuitikiwa chini ya mtandio wenye iyafoni.

Wala hili si jipya kabisa. Kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman mwaka 1979, kile kijiredio cha kanda cha kuvaliwa kiunoni, mmoja wa waasisi wake, Akio Morita, alikipeleka kwanza nyumbani kukijaribu. Alisimulia baadaye kwamba mkewe alikereka, akijihisi amefungiwa nje. Basi Walkman ya kwanza ikatoka na matundu mawili, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya machungwa ambacho kikibonyezwa hupunguza sauti ya kanda ili wasikilizaji waweze kusemezana. Miaka michache baadaye matundu yakawa moja na kitufe kikaondolewa. Waya ukabaki kuwa alama pekee kwa wa nje, na sasa waya nao wauaga ulimwengu. Twamwona yule mke wa Morita kuwa ndiye mwanamke wa kwanza kuilalamikia hali ambayo mama yetu aliilalamikia akiwa na plasta mkononi.

Nyumbani kwetu tumeafikiana hivi, na tulikaa kikao kizima, watoto wakiwa na haki ya kusema. Ndani ya nyumba, kwa masomo na kisomo, ni ya waya, na waya upite juu ya mtandio, si chini yake. Jikoni, isiyo na waya yaruhusiwa kwa mwenye kupika, sikio moja tu. Barabarani na kwenye kivuko, hakuna hata moja. Usiku simu huchajiwa ukumbini, bila ya mtu. Mtoto wetu wa kiume wa miaka 19 alipinga kipengele cha barabarani akidai kwamba yeye si mtoto tena. Tumemwachia hilo kwa sasa, kwa kuwa amekubali kubakisha sikio moja wazi, na kwa kuwa sheria isiyotekelezeka huvunja na zile zinazotekelezeka.

Ya binti, ile nyeupe, haikutupwa. Imo ndani ya kikasha chake juu ya kabati, naye huichukua anapomsaidia mama yake kukaanga. Kwa kisomo amerudia ile ya shilingi 150, ya waya wa buluu. Plasta ilifunguliwa mwezi uliopita. Mama hutaka aketi naye mkekani wakati wa kudurusu, na mara nyingi husikiliza kwa sikio moja la iyafoni, mjukuu wake kwa jingine, vichwa vimekaribiana kwa sababu waya ni mfupi. Na akimhitaji akiwa ameketi nyuma yake, hamwiti tena. Hunyoosha mkono wake uliopona, akauvuta ugwe.